Matete ya Ziwa Jipe Yaitwe Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Picha za Setilaiti na Ushirikiano wa Nchi Jirani

Maswali haya yamekusanywa kwa miaka kadhaa katika mafunzo tunayoendesha hapa Moshi, na mara chache Arusha na Taveta. Wanaouliza ni maofisa ugani, viongozi wa jumuiya za watumia maji, askari wa wanyamapori, wanafunzi, na wazee wanaokuja kuona wajukuu wao wanafundishwa nini. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu darasani. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hayo ndiyo mambo yanayoniuma.

Uhisi wa mbali ni kitu gani hasa?

Ni kupata taarifa za kitu bila kukigusa. Mkulima akisimama barabarani pale Himo, akatazama mahindi ya jirani na kusema "haya yamekosa mbolea", ameshafanya uhisi wa mbali. Kilichomwambia ni rangi ya majani. Setilaiti hufanya kazi hiyohiyo kutoka juu sana: Landsat ya Marekani iko kilometa 705 angani, Sentinel-2 ya Ulaya iko 786.

Ila setilaiti ina jicho la ziada. Jani lenye afya humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao sisi hatuuoni. Jani lililodhoofika hurudisha infraredi kidogo. Chukua infraredi, toa mwekundu, kisha gawanya kwa jumla ya zote mbili: unapata namba kati ya -1 na 1. Namba hiyo huitwa NDVI, na ndiyo inayotuwezesha kusema malisho ya Longido yamekauka mapema mwaka huu kuliko mwaka jana, bila mtu kubishana na kumbukumbu ya mwenzake.

Sehemu ya pili ni taarifa za kijiografia: visima, mipaka ya vijiji, mifereji, njia za ng'ombe, chochote chenye mahali pake juu ya ardhi. Ukivipanga tabaka juu ya tabaka pamoja na picha ya setilaiti, unaanza kuona kilichokuwa kimejificha. Kisima kilichokauka na msitu uliofyekwa juu yake, kwa mfano, vinakaa kwenye ramani moja.

Kwa nini tushirikiane na nchi nyingine? Si kila nchi ichore ramani yake?

Fuata mto Lumi. Unaanzia kwetu, upande wa Mawenzi kwenye mlima Kilimanjaro, unaingia Kenya na kupita Taveta, kisha unamwaga maji Ziwa Jipe. Ziwa lenyewe limekatwa na mpaka. Huku ni Mwanga, kule ni Taita-Taveta. Maji yakitoka ziwani yanarudi Tanzania kwa jina la Ruvu, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanachanganyika na ya Kikuletwa, halafu yanashuka na mto Pangani yakizungusha mitambo ya umeme hadi Bahari ya Hindi. Mtu wa Rombo akikata miti kando ya kijito, mvuvi wa Taveta anapata tope, na fundi wa mitambo ya Hale anapata lake. Ramani inayoishia mpakani inakata hadithi hiyo katikati.

Miaka michache iliyopita tulikaa Taveta, meza moja, watu wa pande zote mbili, na ramani mbili za Ziwa Jipe. Zote zilitokana na picha za setilaiti ileile, za mwezi uleule. Ramani yetu ilionyesha ziwa dogo lililozungukwa na "ardhioevu". Ya wenzetu ilionyesha ziwa kubwa zaidi, na ukanda uleule wameuandika "maji yenye mimea". Eneo la ziwa likawa linatofautiana, na kila upande ulikuwa tayari kutetea hesabu zake. Hakuna aliyekosea hesabu. Kilichotutenganisha ni matete.

Alikuwepo mvuvi mmoja, mtu mzima, kanzu yake imekunjwa mikono. Aliomba ramani zote mbili, akaziweka sambamba, akashusha kidole kwenye ule ukanda. "Hapa mtumbwi haupiti tangu nikiwa kijana," alisema. "Lakini ukichomeka mti ni maji, yananifika kiunoni. Sasa ninyi mnataka paitwe nchi kavu au paitwe ziwa?"

Tulitumia alasiri nzima kumjibu. Tulikubaliana kuwe na aina moja mpya, "matete yaliyosimama majini", na tukaandika ni kwa msongamano gani wa matete eneo litaingia humo. Jambo dogo, lakini tangu siku hiyo ukichora upande wako na mimi nikachora wangu, ramani zinaungana. Ukiniuliza ushirikiano wa kikanda ni nini, nitakuambia ni watu wa nchi mbili kukubaliana matete yaitwe nini. Picha zinashuka zenyewe kutoka angani. Makubaliano hayashuki.

Wala si wazo jipya. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, katika mradi wake wa Africover miaka ya 1990, ilitumia mfumo mmoja wa kuainisha uoto kwa nchi kadhaa za ukanda huu. Nasikitika kila nikiona ofisi inaanza kubuni majina yake upya kana kwamba hakuna aliyetangulia.

Ni taasisi gani zinazohusika?

Nianze na RCMRD ya Nairobi, kituo cha kikanda cha ramani za rasilimali, kilichoanzishwa mwaka 1975 chini ya Kamisheni ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika na uliokuwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Tanzania ni mwanachama, kwa hiyo kituo hicho ni chetu pia. Nasema hivi kwa sababu vijana wengi wa hapa wanadhani ni cha Wakenya.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake Arusha, na mkataba wake ulitiwa saini hukohuko tarehe 30 Novemba 1999. Sura ya 19 ya mkataba huo inahusu ushirikiano katika mazingira na maliasili. Chini ya Jumuiya ipo Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye ofisi Kisumu. Utabiri wa misimu kwa ukanda mzima huandaliwa na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, lakini huihudumia Tanzania pia ingawa sisi si wanachama wa IGAD. Wataalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hukaa pamoja na wenzao wa nchi nyingine kabla ya utabiri wa Masika na wa Vuli kutolewa. Umoja wa Afrika una programu ya GMES na Afrika ya kutumia taarifa za setilaiti, kwa ushirikiano na Umoja wa Ulaya, na mwezi Aprili 2025 ulizindua Shirika la Anga la Afrika jijini Cairo.

Hapa kwetu ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, Chuo cha Mweka kilichofunguliwa mwaka 1963, na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Orodha ni ndefu. Kwa uzoefu wangu, kazi inakwenda pale ambapo mtaalamu wa upande huu ana namba ya simu ya mwenzake wa upande ule na anaipiga.

Picha hizi zinauzwa bei gani?

Nyingi ni bure. Hazina yote ya Landsat, inayoanzia mwaka 1972, imekuwa bure tangu 2008. Picha za Sentinel za Ulaya ni bure pia. Digital Earth Africa imezipanga zile za bara letu ziwe tayari kwa kazi, na huhitaji kupakua kila kitu. Kinachogharimu ni bando, umeme na muda wa kujifunza.

Setilaiti inaweza kuniona nikiwa shambani?

Hizi za bure, hapana. Pikseli moja ya Landsat, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ni mita 30 kwa 30, na ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10. Ng'ombe wako haonekani, sembuse wewe. Zipo setilaiti za kibiashara zinazoona gari, lakini picha zake hununuliwa.

Hesabu hii ndogo inafaa kukaa nayo. Ekari moja ni karibu pikseli 40 za Sentinel-2, lakini ni kama pikseli nne na nusu tu za Landsat. Kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) cha robo ekari, ambacho ndicho wengi wanacho baada ya kugawana na ndugu, kwa Landsat ni pikseli moja yenye mgomba, kahawa, nyumba, banda na njia ndani yake. Ndiyo maana mtu akikuahidi ramani ya mazao ya kila kaya ya Kibosho kwa kutumia Landsat, muulize maswali.

Mbona ramani imeandika kihamba changu ni msitu?

Swali hili lilikuja kwa mara ya kwanza kutoka kwa mzee mmoja wa juu ya Kibosho. Kijana wetu alimwonyesha ramani kwenye kompyuta kwa furaha, kijani kibichi kote. Mzee akauliza ile kijani ni nini. "Ni msitu, babu." Mzee akamshika mkono, akatoka naye nje.

Nilifuata nyuma. Juu kabisa ulikuwepo mringaringa na migrivea miwili. Chini yake migomba. Chini ya migomba, kahawa, nayo ilikuwa imechanua. Chini ya kahawa, majimbi na majani ya ng'ombe. Pembeni mfongo, mfereji wetu wa asili, unapitisha maji taratibu, na nyuma ya yote moshi wa jiko unatoka. Mzee akasimama kwenye mgomba mmoja. "Huu aliupanda mama yangu," alisema. "Msitu una mama?"

Kijana wetu hakuwa na jibu, na mimi sikuwa nalo. Kutoka juu setilaiti inaona shuka la majani, basi. Kompyuta iliyofundishwa na watu ambao hawajawahi kupita kwenye kihamba itasema msitu kila mara. Hasara yake si ndogo. Mahali pakiitwa msitu, hesabu za kahawa za wilaya zinashuka, na hesabu za misitu za taifa zinapanda bila mti mmoja kupandwa. Mbaya zaidi, siku atakapotokea mtu wa kupanga hifadhi akiwa na ramani hiyo mkononi, kaya zenye karne pale zitaonekana zimevamia.

Dawa yake ni sampuli za ardhini. Mtu aende, asimame, achukue koordineti (namba zinazotaja mahali alipo), aandike anachokiona. Ukiifundisha kompyuta kwa mamia ya alama za namna hiyo, na ukaipa picha za misimu tofauti, inaanza kutofautisha kwa kiasi kikubwa kihamba na msitu wa juu. Vihamba haviko kwetu peke yetu kwa umbo hili. Kilimo cha migomba, kahawa na miti kipo Bukoba, Uganda, Rwanda na Burundi. Sampuli za Kibosho zikiwekwa pamoja na za kwao, kila mmoja anapata ramani bora kuliko angekuwa peke yake. Hii kwangu ni sababu nzito ya ushirikiano kuliko hotuba yoyote.

Kwa nini kila picha ya Kilimanjaro imejaa wingu?

Mtu wa Moshi anajua jibu bila kufundishwa. Mlima unafunuka alfajiri, ukifika mchana umeshajifunika. Setilaiti hizi hupita kwetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati wingu limeshaanza kupanda upande wa kusini.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua picha nyingi za miezi kadhaa na kuokota kutoka kila moja vipande visivyo na wingu, kama mtu anavyopepeta mchele. Ya pili ni rada. Sentinel-1 haitegemei mwanga wa jua. Inatuma mawimbi yake na kusikiliza yanavyorudi, usiku na mchana, wingu liwepo lisiwepo. Wakati wa mafuriko ya Masika ndiyo pekee ya kutegemea, maana mafuriko huja na mawingu yake.

Ni kweli barafu ya Kibo inaisha?

Kweli. Mwaka 1912, kwa ramani zilizochorwa na Wajerumani, barafu ilichukua takriban kilometa za mraba 11.4. Kufikia 2011 ilikuwa imebaki 1.76 hivi. Ni zaidi ya asilimia 80 iliyopotea ndani ya miaka mia moja, na picha za karibuni zinaonyesha vipande vinaendelea kukatika.

Ila niseme jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Maji ya mifongo yetu kwa sehemu kubwa hayatoki kwenye barafu. Yanatoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa mlima. Mtalii anapiga picha barafu. Sisi tungeutazama ule ukanda wa msitu chini yake, kila mwezi, kwa picha za setilaiti, na kwa macho ya nchi zote mbili, kwani chemchemi za Loitokitok na Taveta zinanyweshwa na mlima huuhuu.

Setilaiti inasaidiaje moto unapowaka?

Mfumo wa NASA uitwao FIRMS huonyesha sehemu zenye joto lisilo la kawaida ndani ya saa tatu hivi tangu setilaiti ipite. Yeyote anaweza kujiandikisha na kutumiwa ujumbe wa eneo lake. Wakati wa moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 tuliweza kufuata alama nyekundu zikisogea siku hadi siku, na baadaye kupima kovu lililobaki kwa Sentinel-2. Lakini saa tatu ni nyingi kwa moto wenye upepo. Waliouzima ni watu wenye matawi na majembe, na simu ya mwanakijiji aliyeona moshi kwanza bado inaishinda setilaiti kwa mbali.

Na nzige?

Setilaiti haiwaoni nzige. Inaona mahali wanapoweza kuzaliana: mchanga uliopata unyevu na majani machanga yaliyochipua jangwani. Mwanzoni mwa 2021 makundi yalifika wilaya zetu za kaskazini, Longido, Simanjiro na Mwanga, yakitokea Kenya, ambayo nayo ilikuwa imevamiwa kwa namna ambayo haikuonekana kwa takriban miaka 70. Yalikuwa yametoka Somalia na Ethiopia, na kabla ya hapo ng'ambo ya bahari, Uarabuni.

Hapo ndipo ushirikiano unapopimwa. Lipo shirika la kudhibiti nzige wa jangwani la Afrika Mashariki, DLCO-EA, na Tanzania imo. FAO ilitoa programu ya simu ya kuripoti nzige, na ripoti zilizopigwa na wafugaji na maofisa wa nchi jirani ndizo zilizotupa siku za kujiandaa. Taarifa ya mfugaji wa Kajiado ilikuwa na thamani kubwa kwa mkulima wa Mwanga kuliko picha yoyote.

Nimechukua koordineti za kisima kwa simu, nikaziweka kwenye ramani ya zamani, kisima kikahamia shamba la mtu. Kwa nini?

Hukukosea, na simu haikukosea. Ramani zetu za zamani, na za Kenya na Uganda, zilichorwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960. Simu na GPS hutumia WGS84. Kati ya hiyo misingi miwili kuna tofauti ya karibu mita 300 katika eneo letu. Ni umbali wa kutosha kumfanya mtu achimbe kwa jirani.

Kabla hujaweka chochote juu ya ramani, soma pembeni imeandikwa msingi gani, kisha uiambie programu ibadilishe. Jambo la pili ni kanda, yaani vipande ambavyo mfumo wa ramani huigawa dunia. Arusha na Moshi ziko kanda ya 37 kusini, lakini mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita Ziwa Natron, na ukiuvuka kwenda Serengeti umeingia kanda ya 36. Nimewahi kupoteza siku nzima nikitafuta alama zangu za Natron, kumbe nusu yake nilizisoma kwa kanda isiyo yake. Tangu hapo naandika kanda kwenye kila karatasi, hata kama ni orodha ya visima viwili.

Nchi za Afrika zinaandaa msingi mmoja wa bara zima, AFREF. Kazi hiyo haina mvuto wa magazetini, lakini bila hiyo kila mradi wa mpakani utaendelea kuanza kwa kubishana mita 300.

Picha ya setilaiti inaweza kumaliza kesi ya mpaka wa shamba langu?

Hapana. Pikseli ya mita 10 haiwezi kuamua ugomvi wa mita moja. Mwite mpima ardhi aliyesajiliwa, na wazee wanaojua masale, mimea ya kuweka mpaka, yalipopandwa.

Tunaweza kurusha droni badala yake?

Mnaweza, mkiwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ndani ya hifadhi za taifa inahitajika ruhusa ya TANAPA pia. Na ukiwa karibu na mpaka, kumbuka kibali cha Tanzania kinaishia mpakani.

Taarifa zetu zikienda nje, hazitatumika kutuumiza?

Mama mmoja kutoka Longido aliniuliza hivi akiwa na daftari la visima vya kijiji chake, na hakulitoa mpaka nilipomjibu. Alikuwa na haki. Zipo taarifa za kutoa wazi na zipo za kufunga. Uoto, mvua, moto na mafuriko viwe wazi kwa kila mtu. Mahali alipo tembo mwenye kola ya GPS kwenye ushoroba wa Kitendeni, kati ya Kilimanjaro na Amboseli, si pa kutangazwa, maana jangili naye anasoma ramani. Vivyo hivyo maeneo ya matambiko, na majina ya watu yaliyounganishwa na mashamba yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakulinda hapo.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni lingine: taarifa zinachukuliwa kijijini, ramani inachorwa mjini, na kijiji hakioni tena. Mtu akija kuchukua koordineti zako, mwandikishe tarehe ya kurudisha ramani. Mama wa Longido alifanya hivyo, na nilirudisha.

Wafadhili wakiondoka itakuwaje?

Tumeshaona. SERVIR, programu ya NASA na USAID, ilifanya kazi na RCMRD tangu 2008. Januari 2025 Marekani iliposimamisha fedha za misaada, hata tovuti ya FEWS NET, tuliyoizoea kwa tahadhari za njaa, ilizimika. Asubuhi ile ofisa mmoja alinipigia simu akidhani intaneti yake ndiyo mbovu.

Picha zenyewe hazikukatika. Kilichokatika ni mikono iliyokuwa ikizitafsiri na kutuletea zikiwa zimeiva. Maoni yangu ni kwamba serikali zetu ziwaajiri wataalamu hawa kwa mishahara ya kawaida ya umma, na kila bonde liwe na nakala ya data zake ndani ya ukanda. Ni fedha kidogo ukilinganisha na gharama ya mafuriko ya msimu mmoja.

Afrika Mashariki tuna setilaiti zetu?

Ndiyo, ndogondogo. Rwanda ilirusha RWASAT-1 mwaka 2019, Uganda PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, na Kenya Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023. Historia ni ndefu kuliko hapo: tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ninafurahia haya yote. Hata hivyo ningepewa kuchagua kati ya setilaiti moja na mafundi kumi wa kusoma picha katika kila wilaya ya mpakani, ningechukua mafundi.

Sina fedha. Nitajifunzaje?

QGIS ni programu ya bure na inafanya karibu kila kitu unachohitaji. Kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha. Usipakue picha nzima za Sentinel-2 kwa bando la siku, litakwisha kabla haijashuka; kata eneo lako tu kwenye tovuti ya Copernicus, au fanya hesabu hukohuko mtandaoni. Anza na mahali unapopajua kwa miguu: bonde la kwenu, shamba la shule. Ukiona kitu usichokielewa kwenye picha, unakwenda kukitazama jioni hiyohiyo.

Ramani ya Jipe iliishia wapi?

Haijaisha. Matete huongezeka na kupungua kwa msimu, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Sasa kuna vijana wawili, mmoja wa Mwanga na mmoja wa Taveta, wanaokwenda kwenye alama zilezile siku ileile, kila mmoja upande wake, na kutumiana picha kwa WhatsApp kabla ya kutuletea. Yule mvuvi ndiye aliyewachagulia alama saba za mwanzo.

Nataka kusaidia lakini kompyuta siijui kabisa. Kuna kazi yangu?

Ipo, na ndiyo tunayoikosa zaidi. Nenda mahali ambapo uoto ni wa aina moja kwa angalau hatua 30 kila upande. Simama katikati. Piga picha nne kwa simu: kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Soma koordineti, uandike tarehe, na kama mvua ilinyesha wiki hiyo. Halafu andika mimea mikubwa unayoiona, kwa jina unalolijua wewe, Kichaga, Kimasai, Kipare au Kitaveta. La Kiswahili tutalitafuta pamoja.